Hesabu ya msimu: Kwa nini zao linalolipa Kitale huanguka Bungoma

MVUA inapokatika Kitale kuelekea mwisho wa Novemba na mahindi kuanza kukusanywa, mkulima wa mboga hujiuliza swali moja na kulijibu haraka mno: Je, msimu huu nimepata au nimepoteza? Akiulizwa sababu ya hasara, hutaja mvua, mbegu ghushi au madalali.

Kila jibu kati ya hayo lina ukweli wake. Hata hivyo, mtu akiyachunguza mashamba kuanzia Endebess na Kwanza, karibu na Mlima Elgon, hadi Kabuchai na Kanduyi katika nchi ya chini, ataona kwamba hasara nyingi huwa zimeamuliwa kabla ya dawa ya kwanza kunyunyizwa. Huamuliwa siku mkulima anapochagua zao na tarehe ya kulipanda, mara nyingi kwa kumwiga jamaa au jirani aliye kwenye mwinuko tofauti kabisa.

Kuiga huko si upumbavu. Familia nyingi za magharibi mwa nchi zina watu pande zote mbili: mzee ana kipande chake Bungoma, mwanawe amekodi au kununua ardhi Trans Nzoia. Miji hiyo miwili haiachani kwa kilomita 100, na miche inayong'olewa kitaluni asubuhi huweza kusafirishwa kwa matatu na kupandwa jioni. Mwenzako akiuza nyanya kwa bei nzuri Julai, nawe unataka zako ziwe sokoni Julai ijayo.

Lakini mji wa Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali ule wa Bungoma uko karibu mita 1,400. Kwa kawaida hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi za selsiasi kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda. Kwa hivyo, tofauti ya miji hii ni takriban nyuzi tatu. Kwa binadamu, hiyo ni tofauti ya kuvaa sweta au kutovaa. Kwa mmea, ni tofauti ya wiki kadhaa za kukomaa, na pia ya magonjwa yatakayoushambulia.

Mvua nayo haifanani. Trans Nzoia ina msimu mmoja mrefu, unaoanza Machi au Aprili na kwisha Oktoba au Novemba, bila mapumziko ya maana katikati. Baadaye hufuata miezi mitatu hivi ya kiangazi. Nyanda za chini za Bungoma hupata masika kuanzia Machi, mvua hupungua katikati ya mwaka, kisha vuli huja kuanzia Agosti au Septemba. Mkulima wa huko ana nafasi mbili kwa mwaka. Yule wa Kitale ana nafasi moja ndefu, na akiikosea, hungoja mwaka mzima au atafute maji ya kunyunyizia.

Mpaka wa kaunti pia usimdanganye mtu. Kapsokwony na Kaptama ziko Bungoma kiutawala, lakini baridi yake ni ya mlimani, na mkulima wa huko ana mengi ya kujifunza kutoka Endebess kuliko kutoka Kanduyi.

Nyanya ndilo zao linalodhihirisha haya yote kwa ukali zaidi, na pia ndilo linalowatia wengi madeni.

Kitale, adui mkuu wa nyanya kati ya Juni na Agosti ni ukungu wa majani, ambao wakulima wengi huuita blaiti. Kuvu wake hustawi penye baridi na unyevu. Jani huanza kwa doa linaloonekana kama limelowa maji, na asubuhi kukiwa na umande, upande wa chini huonyesha utando mweupe. Baada ya siku chache za mawingu, shamba zima huonekana kana kwamba limeunguzwa kwa moto. Aliyesubiri dalili zionekane ndipo akanunue dawa huwa amechelewa, maana dawa nyingi za bei nafuu hukinga jani ambalo bado ni zima na haziponyi lililokwisha kuambukizwa.

Bungoma, blaiti haina nguvu hizo, lakini joto lina maadui wake. Wa kwanza ni mnyauko wa bakteria. Mmea wenye majani ya kijani kibichi hulegea mchana, huonekana kupata nafuu usiku, na baada ya siku chache hufa ukiwa umebeba matunda. Wengi hudhani ni kiu, wakaongeza maji. Maji hayo huubeba ugonjwa hadi mstari wa pili.

Kuna njia rahisi ya kuubaini ambayo haigharimu hata senti. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize ndani ya glasi yenye maji safi. Ikiwa ni mnyauko wa bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye shina. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayotibu ugonjwa huo, na viini vyake hubaki udongoni kwa miaka. Atakayepanda nyanya tena hapo msimu unaofuata atakuwa anawalisha.

Adui wa pili ni kiwavi ajulikanaye kitaalamu kama Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika Kusini. Alifika Uhispania 2006, na akaripotiwa humu nchini 2014. Huchimba ndani ya jani na kuacha mabaka meupe, kisha hutoboa tunda. Kwa kuwa hujificha ndani, dawa haimfikii kwa urahisi, na anayetumia dawa ile ile kila wiki humsaidia kuizoea. Mitego ya harufu inayowanasa nondo wa kiume humwonyesha mkulima mapema kwamba adui ameingia, na mabaki ya nyanya yaliyoachwa shambani baada ya mavuno ndiyo makao ya kizazi kijacho.

Sasa linganisha. Mkulima wa Bungoma aliyefaulu msimu uliopita akimshauri nduguye wa Kitale, atamwambia aweke fedha zake kwenye dawa za wadudu. Ndugu huyo atafuata, na kuvu itammaliza. Ushauri haukuwa wa uongo, ila ulitoka kwenye joto la mita 1,400.

Magazeti hupenda hadithi ya kijana aliyeacha kazi ya ofisi, akavuna nyanya na kununua gari. Ni nadra hadithi hiyo kufuatiliwa misimu mitatu baadaye, na ni katika msimu wa tatu kwenye udongo ule ule ambapo mnyauko hubisha hodi.

Kabeji hutoa somo la aina nyingine. Zao hili hulipenda eneo la Kitale, na aina zinazopandwa na wengi, kama vile Gloria F1, hukomaa kwa takriban miezi mitatu baada ya kupandikizwa. Tatizo ni kwamba karibu kila mtu huhamisha miche wakati mmoja, mvua inapoimarika Aprili. Kabeji za mtaa mzima hukomaa pamoja, na lori la dalali hupita likiwa na uhuru wa kuchagua.

Tufanye hesabu ya mfano. Robo ekari, miche ikiachana kwa sentimita 60 kila upande, hubeba kabeji 2,700 hivi. Tuseme moja kati ya tano zilioza, zikabaki 2,160. Tuseme pia kwamba bei wakati wa mavuno ya wote ilikuwa Sh12 kwa kabeji, ilhali miezi miwili baadaye ingekuwa Sh30. Kabeji 540 zilizooza zilimpotezea mkulima Sh6,480 kwa bei hiyo ya chini. Tarehe ya kupanda ilimpotezea Sh38,880. Ukimuuliza msimu ulikuwaje, atakueleza kwa kirefu kuhusu zilizooza, kwa sababu hizo aliziona kwa macho.

Bei hizo ni za mfano tu, lakini kila mwenye shamba anaweza kuweka zake na kuona mahali ambapo fedha zake zilimponyoka. Kwa mzazi aliyetegemea kabeji kulipa karo ya Januari, au aliyekopa kwenye chama ili anunue mbolea, ni vyema ajue ni lipi kati ya hayo mawili lililomwangusha. La kwanza hurekebishwa kwa dawa na mzunguko wa mazao. La pili hurekebishwa kwa kalenda.

Vitunguu vinathibitisha jambo hilo. Zao hili huhitaji maji likikua na jua likikomaa. Vikipandwa Aprili Kitale, hukomaa katikati ya mvua, shingo zake hazikauki, na huoza ghalani. Aliyesia mbegu kitaluni Agosti na kupandikiza Oktoba, akamalizia kwa kunyunyiza maji kidogo, huvuna katika jua la Januari au Februari. Ndipo anaweza kuvianika vikakauka na kuviweka hadi bei ipande. Hapo pia asisahau kwamba soko letu hupokea vitunguu kutoka Tanzania, na kwamba nyanya za Uganda huingia kupitia Malaba na Busia. Bei ya Chwele, ambalo ni mojawapo ya masoko makubwa ya mazao katika eneo la magharibi, haiamuliwi na wakulima wa Bungoma peke yao.

Ikiwa kuna zao ambalo limewafaa wakulima wadogo wa Bungoma bila kelele nyingi, basi ni mboga za kienyeji: managu, saga, kunde, mrenda na mitoo. Kwa miaka mingi zilidharauliwa kama chakula cha maskini. Utafiti wa wasomi kama vile Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia (JKUAT) ulisaidia kuzirejeshea heshima, na leo huuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi.

Faida yake haitokani na bei peke yake. Saga na managu huanza kuchumwa baada ya wiki nne hadi sita. Mkulima akipoteza kipande kimoja kwa mvua ya mawe, hajapoteza nusu mwaka. Anaweza kusia kipande kingine kila baada ya wiki mbili, akawa na cha kuuza mfululizo. Saga isipokatwa ncha hutoa maua mapema na majani hukoma. Mama anayeijua kazi hii huikata mara tu maua yanapochungulia.

Kuna mtego mmoja. Managu ni ya ukoo mmoja na nyanya, viazi, biringanya na pilipili hoho. Anayeng'oa nyanya zilizokufa kwa mnyauko na kupanda managu hapo hapo, akidhani amebadilisha zao, hajabadilisha chochote. Bakteria ni wale wale, na Tuta absoluta pia huyala majani yake. Mahindi, vitunguu, kabeji au kunde ndizo mboga na nafaka za kufuata hapo.

Upande wa matunda, makosa huchukua miaka kuonekana, na hivyo huuma zaidi.

Makarakara yaliwavutia wengi Trans Nzoia na Bungoma kwa sababu huanza kuzaa kabla ya mwaka kwisha, na mkulima huuza kila wiki. Mengi yaliangamia kwa magonjwa mawili. La kwanza ni mnyauko wa kuvu ya udongoni, ambao huepukwa kwa kupandikiza karakara la zambarau juu ya shina la lile la manjano, lenye mizizi inayouhimili. La pili ni virusi vinavyolifanya tunda liwe gumu kama mbao na kupoteza umbo. Virusi hivyo huenezwa na vidukari na pia kisu cha kupogolea. Mche wenye virusi huweza kuonekana mzima siku ya kuununua, ndiyo maana miche ya rahisi ya kando ya barabara huishia kuwa ghali kuliko yote. Maboga na jamii yake hayafai kupandwa katikati ya mistari, kwa vile huwa maficho ya wadudu hao.

Ndizi ni zao la Bungoma zaidi kuliko Kitale, ambako baridi huchelewesha mkungu kwa miezi. Lakini hata Bungoma ina tishio lake: mnyauko wa bakteria wa migomba, uliotambuliwa Uganda 2001 na kuingia magharibi mwa Kenya 2006. Ndizi huiva kabla ya wakati, moja hapa na nyingine pale, na ukizikata hutoa utomvu wa manjano. Wadudu huubeba kutoka ua la kiume linaloning'inia chini ya mkungu. Kinga ni kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda mara tu vichana vya mwisho vinapojitokeza, bila kutumia kisu. Panga lililotumika kwenye mgomba mgonjwa lisiguse mzima kabla ya kupitishwa motoni au kuoshwa kwa dawa ya kuua viini.

Kuhusu avokado aina ya Hass, tahadhari yahitajika. Uchina ilipofungua soko lake kwa matunda mabichi ya Kenya 2022, wengi walipanda miti wakidhani mnunuzi atawafuata nyumbani. Mti uliounganishwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu hivi. Anayekodi shamba kwa mwaka mmoja mmoja, jambo la kawaida sana Trans Nzoia, hana haki ya kuupanda wala hatauvuna. Aliye na ardhi yake naye ajue kwamba Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) hufunga uvunaji wa kuuza nje kila mwisho wa mwaka ili matunda machanga yasipelekwe ng'ambo. Mkulima aliyeahidiwa fedha na dalali mwezi huo anapaswa kushuku.

Jambo lililo chini ya haya yote, kwa maana halisi, ni udongo. Mashamba mengi ya Trans Nzoia na Bungoma yamelimwa mahindi na miwa kwa miongo, yakiwekewa mbolea ya DAP mwaka baada ya mwaka, na yamekuwa na asidi nyingi. Katika udongo wa namna hiyo, fosforasi hushikwa na madini ya chuma na aluminiamu, na mmea huiona lakini hauipati. Mkulima humimina mbolea na mimea hubaki midogo, majani yakiwa na rangi ya zambarau.

Mnamo 2022 gunia la kilo 50 lilipozidi Sh6,000, wengi walisema mavuno yalianguka kwa kukosa mbolea. Mwaka wa 2024, baada ya bei ya ruzuku kushuka hadi Sh2,500, kukazuka sakata la mbolea ghushi, na lawama zikaelekezwa huko. Malalamiko yote mawili yalikuwa ya haki. Lakini aliyenunua mbolea halali na kuiweka kwenye udongo wenye asidi kali pia alipoteza, na hakuna tume itakayomchunguzia hilo. Kupima udongo, kisha kutia chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda, hugharimu chini ya mbolea iliyopotea bure. Mboji na samadi husaidia pia. Kituo cha Kilimo cha Manor House, kilichoanzishwa karibu na Kitale 1984, kimefundisha njia hizo kwa wakulima wenye vipande vidogo kwa miaka mingi.

Mvua, ambayo hulaumiwa kwanza, huamua zaidi ni adui yupi atakayekuja. Masika ya 2024 yalileta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini; mwaka wa mvua kama ule humpa kuvu nguvu. Mwaka wa ukame humpa utitiri mwekundu na vidukari nafasi yao. Ndiyo sababu mkulima wa Kitale anayenunua pampu ili alime kiangazi, bei za mboga zinapokuwa nzuri, asitarajie shamba lisilo na wadudu. Nondo wa kabeji hupenda ukavu. Na anayevuta maji kwa pampu kutoka Sabwani, Koitobos au Kuywa anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kabla jirani wa chini hajaenda kumshtaki.

Yote haya hayawezi kukumbukwa kichwani. Daftari la shilingi 50 linatosha: siku mbegu ilipoingia kitaluni, siku ya kupandikiza, siku dalili ya kwanza ya ugonjwa ilipoonekana na upande gani wa shamba, siku ya kwanza kuuza na bei yake, na kila kibarua, wakiwemo watoto na mke ambao kazi yao huandikwa sufuri. Kreti na magunia yahesabiwe kwa uzito, kwa sababu anayeuza lumbesa huuza kilo ambazo hakulipwa.

Daftari hilo lisomwe kabla ya Februari, wakati miche ya masika inapoanza kusiwa. Na kwa wanaokodi mashamba Kiminini, Kamukuywa au Kimilili, kuna swali la kumuuliza mwenye ardhi kabla ya kumkabidhi fedha: Ni nini kilichopandwa hapa katika miaka mitatu iliyopita, na kilikufaje? Akisita kujibu kuhusu nyanya, heri kupanda mahindi au vitunguu.